Mgomba Uliovuka Mpaka

Mama yangu alishuka kwenye basi la Moshi pale stendi ya Morogoro akiwa na masanduku mawili, na moja lilikuwa limejaa sabuni. Sabuni za mche, sabuni za kuogea, na katikati yake dawa ya meno, mafuta ya kupikia ya kopo, viberiti na chumvi. Chumvi, jamani. Alikuwa amekaa miaka tisa bila kuona nilikoolewa, na kichwani mwake Tanzania ilikuwa bado ile ya barua zangu za mwanzo, nchi ya foleni ambako watu wanafulia majani ya mpapai. Nilipolinyanyua lile sanduku bega lilivutika, nikamuuliza mna nini humu. "Mtaoga," akanijibu, na macho yake yakaendelea kumtafuta mjukuu.

Mjukuu alikuwa pale pale, ameshika sketi yangu. Miaka saba, gauni jipya nililolishona kwa ajili ya siku hiyo, utepe kichwani. Alitoka nyuma yangu akapiga goti vizuri, "Shikamoo bibi," na mama akaitikia marahaba huku machozi yanamlengalenga. Nilijisikia raha mwili mzima. Halafu mwanangu akatazama sanduku la kwanza, akatazama la pili, akauliza, "Bibi, umekuja na mgomba wangu?"

Mama alinigeukia. Mimi ghafla nikaona kamba ya sanduku imelegea, nikainama kuifunga.

Nijieleze kabla hamjanihukumu. Mimi ni mtu wa milima ya Taita, ng'ambo ya mpaka, ukitokea Voi unapanda. Mume wangu ni Mluguru wa Matombo, mwalimu wa sekondari. Tulikutana Moshi kwenye harusi ya watu wengine tukaishia kwenye yetu, na alipohamishiwa Morogoro nikahama naye, mimi na cherehani yangu. Nilidhani nahamia mtaa wa pili tu. Kiswahili ni kile kile, ugali ule ule, na hata dirishani naona milima. Ilichukua miaka kunijia kwamba niko ugenini, na aliyenijulisha hakuwa mtu wa uhamiaji. Alikuwa mtoto wangu mwenyewe.

Kwa Waluguru mtoto hufuata ukoo wa mama yake, na ardhi kule milimani ni ya ukoo. Mume wangu ana ukoo, dada zake wanao, watoto wa dada zake wanao. Watoto wa mume wangu ukoo wao ni wa mama yao, yaani mimi, na mimi nimetoka mahali ambapo mtoto hufuata ukoo wa baba. Haya, niambieni. Huku mtoto ni wa kwetu, kwetu mtoto ni wa huku. Mwanangu alipita katikati kama sindano inavyopita kwenye ufa wa meza, na mimi fundi mzima sikusikia hata ilipoanguka.

Mjini mambo hayo hayamsumbui mtu. Mtaani kwetu kulikuwa na Msukuma, Mpare, Mngoni, Mwarabu mmoja wa Kilosa, watu wa serikali na wa chuo, kila mtu na kwao. Kilichotufikia ni ndizi. Mama mkwe wangu kule Matombo ana utaratibu wake: mjukuu hutengewa mapema shina lake la migomba, na akianza kuweza kushika jembe anakabidhiwa. Ni lake. Anapalilia, anakata mkungu, akitaka kuwagawia wenzake anawagawia, akitaka kuringa anaringa. Likizo moja mwanangu alikwenda kukaa na watoto wa shangazi zake, akarudi hasemi. Siku ya tatu, nikiwa nashona sare za shule, akasimama pembeni ya cherehani.

"Mama, mgomba wangu uko wapi?"

"Mgomba gani?"

"Wote wana migomba kwa bibi. Mimi nimeambiwa sina, wangu uko kwa watu wa mama yangu."

Nilikuwa na sare kumi za kumaliza na uzi unakatikakatika. Ningeweza kusimamisha cherehani, nimpakate, nimweleze. Badala yake nikasema, bila hata kuinua macho, "Uko Kenya kwa bibi yako. Siku akija atakuletea." Akaondoka anaruka ruka. Mimi nikashukuru nimepumua.

Basi bibi ndiye huyo, kaja na sabuni.

Tulimficha maduka kwa siku moja nzima. Siku ya pili alisema anataka kuona soko, na kutoka sokoni hakuna njia ya kukwepa maduka. Ilikuwa miaka ile ya ruksa, serikali ilipofungulia biashara. Madirisha ambayo nilipofika Morogoro yalikuwa na vumbi na boksi moja la dawa ya mbu, sasa yalikuwa yamepangwa sabuni mpaka juu, na redio, na viatu vya raba, na nje mitumba imetandazwa chini watu wanachagua wakicheka. Mama alisimama kaunta, akachukua mche wa sabuni, akaugeuza, akasoma. Ilikuwa ya kwao Kenya, aina ile ile aliyoibeba. Aliirudisha polepole.

"Kumbe siku hizi mnaoga," akasema.

"Hata zamani tulikuwa tunaoga, mama."

"Usinifanye mtoto. Barua zako ninazo."

Mwenye duka alicheka mpaka akakaa. Mume wangu, ambaye kumtania mkwe hathubutu, aligeuka kuangalia ukutani na mabega yanamtikisika. Sanduku la sabuni likasukumwa chini ya kitanda, na mama akasema tusilitaje tena.

Alikuja kwa wiki tatu na alitaka kuona kila kitu. Nilimwambia mjini kwetu wageni hupelekwa Mikumi kuangalia wanyama, na kwa kuwa barabara ya Iringa inapita katikati ya mbuga, huhitaji gari la mtalii, unapanda basi unakaa dirishani. Tukaenda, mimi, yeye na mtoto, na mayai ya kuchemsha kwenye kikapu. Hatujafika mbali mbugani, abiria wote wakahamia upande mmoja. Tembo, kundi zima, wanavuka na watoto wao. Mwanangu alishika shavu kwa furaha. Nikamtazama mama nione atasemaje. Alikuwa amenuna.

"Nimesafiri siku mbili," akasema, kwa sauti ya kusikika mpaka kwa dereva, "kuja kuonyeshwa ndovu?"

Nilikuwa nimesahau. Nilikuwa nimesahau kabisa kwamba kwetu chini ya milima ndovu wa Tsavo wanakuja shambani, wanang'oa mahindi ya mwaka mzima kwa asubuhi moja, na kwamba mama yangu ana mdomo mmoja tu wa kuzungumza na mnyama huyo. Alifungua dirisha akawafokea. Aliwaambia anawajua, aliwauliza hawa wa huku nao wamelipa mahindi ya nani. Basi zima likavunjika mbavu. Kijana wa tiketi akaja kumpa pole, akasema kwa niaba ya Tanzania. Tulipofika Mikumi tukala mayai yetu kando ya barabara, tukarudi, na wakati wa kurudi alikaa upande ambao hauna ndovu, akalala.

Dakawa ndiko alikofurahi. Mume wangu alikuwa na rafiki kwenye mashamba ya mpunga, akatualika. Mama amekula wali wa sikukuu maisha yake yote na hajawahi kuuona ukiwa shambani. Alisimama kwenye tuta la mfereji, mbele yake kijani mpaka macho yanachoka, maji yanang'aa katikati ya mistari. Akavua viatu, akanishikisha, akaingia kwenye tope mpaka magotini na kitenge chake kizuri. Wanawake waliokuwa wakipandikiza walimpigia vigelegele na kumpa kitita cha miche, naye akapanda mstari mzima, umepinda, wakaung'oa kwa adabu baada ya sisi kuondoka, nina hakika. Sijawahi kumwona mama yangu akicheza tangu nizaliwe. Siku hiyo nilimwona.

Mwanangu alikuwa naye huko matopeni. Alikuja mbio kwangu, mikono inachuruzika.

"Mama, bibi amesema mgomba wangu hauko Kenya. Amesema mtoto ni wa baba, kwa hiyo uko Matombo, na Jumamosi tutakwenda atanidaia."

Mama alipotoka majini nilimvuta kando ya mfereji.

"Kwa nini umemwambia hivyo?"

"Kwa sababu ndiyo kweli. Wewe ulimwambia nini?"

"Nilimtuliza tu."

"Kwa mgomba wangu?"

Mimi hasira zangu ziko karibu, na nimezirithi kwa huyo niliyekuwa nagombana naye, kwa hiyo tulipandishiana pale, yeye na tope mguuni, mimi na viatu vyake mkononi. Nilimwambia huko Matombo hawatampa. Akauliza kwani ni watu wabaya. Nikasema hapana, si wabaya, ni watu wa adabu mno, ndiyo shida yenyewe. Akanitazama kama ninayetia chumvi.

"Watu wa adabu hawamnyimi mtoto," akasema. "Tutakwenda."

Mwanangu alihesabu siku. Kila asubuhi aliuliza kama ni Jumamosi. Alichukua kisu changu cha zamani cha kukatia kitambaa, kibutu, akakiweka kwenye mkoba wake wa shule, cha kukatia mkungu. Nilimwambia mume wangu, akasema mama yake ataona tu cha kufanya, na akaendelea kusahihisha madaftari. Wanaume wana imani sana na mama zao.

Jumamosi tulipanda na gari linalokwenda kuchukua ndizi, maana kupanda huwa tupu. Mama aliwekwa mbele na dereva, sisi nyuma, na lile sanduku la sabuni katikati ya miguu yetu. Mama mwenyewe alikuwa amelivuta kutoka chini ya kitanda asubuhi, akasema mtu haendi kwa wakwe mikono mitupu. Barabara ya Matombo haikuwa barabara ya mchezo. Ilikuwa mawe, korongo, daraja la magogo, kona ambayo dereva anapiga honi anajikabidhi. Lakini kadiri tulivyopanda ndivyo mama alivyotoa kichwa dirishani. Alikuwa anatupigia kelele nyuma, "Mmeona magimbi yale? Mmeona maji yale?" Ukungu ulikuwa umekaa juu ya vilele, chini migomba, michungwa, vijito vinavuka njia bila kuomba ruhusa. Tulipofika pale ambapo mawe mawili makubwa yanaonekana yamesimama pamoja juu ya kilima, mume wangu alimweleza kwamba ndiyo yaliyolipa eneo jina, maana matombo kwa Kiluguru ni matiti. Mama akayatazama sana.

"Hapa ni kwetu," akasema. "Mungu alipotengeneza Taita alibakiza, akaja kumwaga huku."

Mama mkwe alitupokea njiani, hakungoja nyumbani. Ni mwanamke mfupi, mkimya, wa misheni, rozari haitoki shingoni. Yeye na mama walishikana mikono miwili miwili wakatazamana. Miaka tisa wamekuwa wakwe bila kuonana. Tukala wali, kuku, ndizi za nazi, na mama akafungua sanduku lake. Hapo ndipo sabuni zilipopata watu wa kuzipokea. Mjini maduka yalikuwa yamejaa, lakini kule juu ruksa ilikuwa bado inapanda kwa miguu. Shangazi zake mwanangu walinusa zile za kuogea moja moja, na mama mkwe alishika chumvi kwa mikono miwili akashukuru kwa maneno marefu. Mama alinitupia jicho. Lilikuwa jicho la mtu aliyeshinda kesi.

Kisha mama mkwe akakaa vizuri kwenye mkeka, akarekebisha khanga yake, nikajua sasa ni maneno ya heshima.

"Mkwe mwenzangu," akasema, "tunakushukuru kwa huyu mtoto. Sisi tunamtunza tu. Kwetu mtoto ni wa watu wa mama, kwa hiyo ni wako, na ukoo wake ni wako. Siku mkimtaka mseme. Hatutamzuia, tutamfungia na njugu za njiani."

Hakuna heshima kubwa kuliko hiyo kwa Mluguru. Niliielewa, ikanigusa. Na mama yangu, ambaye hakuwa tayari kupitwa kwa adabu na mtu yeyote, alinyoosha mkono.

"La, mkwe, usiseme hivyo. Sikuja nyumbani kwa watu kunyang'anya mtoto. Kwetu mtoto ni wa baba, hata akizaliwa jikoni kwangu. Huyu ni wenu."

"Hapana mkwe, ni wenu."

"Wenu kabisa. Mimi nimemzaa mama yake tu, mtoto ni wenu."

"Tutawezaje kudai kisicho chetu? Ni wenu."

Wakaendelea, kila mmoja anamsukumia mwenzake, wanatabasamu, kama watu wawili mlangoni kila mmoja anasema tangulia wewe. Mume wangu alikuwa anatikisa kichwa kwa kuridhika. Na mimi, Mungu anisamehe, nilikuwa nimejaa fahari. Nilikuwa nasema moyoni, jamani mama zetu wana adabu. Mtu mmoja tu mle ndani alikuwa anasikiliza maneno yenyewe.

Mwanangu aliweka sahani chini.

"Basi mimi si wa mtu," akasema.

Hakulia. Alisema tu, kama anavyosema uji umepoa. Akachukua mkoba wake wenye kisu, akatoka nje.

Aibu iliyonishika sijapata kuisahau, kwa sababu mzizi wa yote ulikuwa cherehani yangu na uvivu wangu wa kueleza. Wale wanawake wawili walisimama kabla yangu. Mama mkwe aliniashiria nikae. Sikukaa. Nilifuata nyuma.

Tulimkuta katikati ya migomba, anapita shina kwa shina, anagusa.

"Huu wa dada mkubwa," akawaambia bila kugeuka. "Huu wa yule anayenyonya kidole. Huu wa yule wa Mikese, na haji hata likizo. Huu wa mtoto aliye tumboni mwa shangazi." Akausukuma kidogo. "Hajazaliwa, na ana mgomba."

Mama mkwe aliketi chini, pale pale kwenye majani makavu, na khanga yake safi. Mama yangu alibaki amesimama, mkono mdomoni.

"Njoo," mama mkwe akamwita. Mtoto akasogea hatua mbili, hakufika. "Mimi sisemi uongo na watoto. Ardhi hii si yangu peke yangu. Ni ya ukoo, kaka yangu ndiye mwenye kauli, na hata yeye hawezi kuimega akampa mtu wa ukoo mwingine. Nikikupa leo, siku nikifa watakuja watu kukutoa, na kukutoa ni kubaya kuliko kutokupa. Umenielewa?"

Mwanangu alitikisa kichwa, ndiyo.

"Lakini mgomba niliupanda kwa mkono wangu. Mgomba si ardhi. Mgomba ni wangu, na wangu nampa nimtakaye." Akanyoosha mkono kwangu bila kunitazama. "Lete jembe."

Nilikimbia, nawaambieni. Nilikimbia kama msichana. Niliporudi mwanangu alikuwa anachagua, na alichukua wakati wake wote. Mwisho alisimama kwenye shina lililo karibu na kijito, nene, la zamani. Mama mkwe akacheka kwa mara ya kwanza siku hiyo, akasema lile alilipanda kwa mbegu ya shina la mama yake mzazi, mtoto ana jicho. Akachimba chipukizi moja, refu la kufika magotini, akalikung'uta udongo, akampa mtoto mikononi.

"Sasa nitaupanda wapi?" mwanangu akauliza.

Hilo hatukuwa tumelifikiria. Tuliishi nyumba ya serikali, uani kuna simenti.

"Kwangu," mama yangu akasema.

Sote tukamtazama. Mama alikuwa amekunja uso ule wa siku ya ndovu.

"Ninalo shamba langu juu ya mto, alinipa baba yenu kwa mkono wake. Kwetu msichana hapewi shamba, na mtoto wa msichana ndiyo kabisa. Wanangu wa kiume watapiga kelele." Akajifunga khanga kiunoni. "Wapige."

Mama mkwe alimwangalia yule mwanamke wa Kenya, na nadhani ndipo walipoanza kupendana kweli, maana yale ya mkekani yalikuwa heshima tu. Mtoto alikuwa amekumbatia chipukizi, tope limejaa gauni jipya.

"Kwa hiyo ni wa huku au wa kule?" akauliza.

"Mgomba wa huku, shamba la kule," mama mkwe akamjibu. "Mwenyewe ni wewe."

Mama aliondoka wiki iliyofuata na masanduku yale yale mawili. La sabuni sasa lilikuwa na chipukizi la mgomba wa Matombo, limefungwa khanga mbichi, limelazwa kwa upole kama mgonjwa. Alitusimulia baadaye kwa barua yale ya Holili mpakani. Ofisa alifungua, akatazama, akafunua khanga, akatazama tena. Akamuuliza, "Mama, kwani Kenya hakuna migomba?" Mama akamjibu, "Ipo tele. Huu ni urithi wa mtoto." Yule ofisa akafikiri, akarudisha khanga ilivyokuwa, akafunga sanduku, na akamwambia aliweke mbali na injini.

Barua zake zilianza hivyo hivyo miaka yote iliyofuata. Kwanza salamu, kisha: mwambie mwenyewe umeshika. Mwambie mwenyewe umetoa majani mawili. Mwambie mwenyewe mjomba wake alitaka kukata jani la kufunikia uji wa sherehe nikamwambia akaombe ruhusa Tanzania. Mwanangu alizisoma yeye mwenyewe kwa sauti, amesimama katikati ya chumba. Alipokuwa akiulizwa shuleni kwamba kwao ni wapi, alikuwa na maelezo marefu kuliko wote, na hakufupisha.

Alipokuwa na miaka kumi na mmoja mkungu wa kwanza mkubwa ulikuwa umekomaa, maana ule uliotangulia ulikuwa mdogo na ndege waliumaliza. Mama mkwe alipopata habari alisema anakwenda. Mtu ambaye Dar es Salaam yenyewe alikuwa amefika mara moja, kwa mgonjwa. Alifunga mdalasini na iliki kwenye kikapu, akavaa viatu, akasema yeye haamini mgomba wa mama yake umeota Kenya mpaka auone. Tukasafiri wote wanne, na njia nzima alikuwa ndiye mgeni, anaonyeshwa mlima Kilimanjaro, anasema ni mzuri ila hauna maji.

Mama alitupokea njiani, hakungoja nyumbani. Hata chai hatukunywa. Tulishuka moja kwa moja hadi shambani kwake juu ya mto, na mgomba ulikuwa pale, si mmoja tena, shina zima, watoto saba kuuzunguka, mkungu umeinama mpaka umewekewa mti wa kuegemea. Mama mkwe aliuzunguka. Akaweka kiganja kwenye shina akakiacha hapo.

"Ni wenyewe," akasema. Kisha akamgeukia mama. "Mkwe, nimefikiri sana miaka hii. Mtoto huyu ana jicho la mama yangu. Ni wa kwetu huyu."

"Ulisema mwenyewe kwenu mtoto hufuata mama," mama akamjibu. "Ni wa kwetu."

"Na wewe ulisema kwenu hufuata baba. Nilikusikia, wote walisikia."

"Yale yalikuwa maneno ya mkekani. Shamba hili ni la nani?"

"Na mgomba je?"

Sauti zilikuwa zinapanda. Mume wangu akaniangalia kama tuingilie, nikamshika mkono. Mwanangu alikuwa amekaa juu ya jiwe kando ya mto, kisu kipya mapajani, bibi zake wawili wanamgombania mbele yake, na hakuwa na haraka hata kidogo ya kuwaamua.